Matumbawe yaliyokufa kwa usafi wa maji: tuwahukumu vipi wafugaji wa viumbe wagumu kutunza?

Wanaotaka viumbe dhaifu wa bahari waondolewe kabisa kwenye biashara ya matangi ya nyumbani wana hoja nzito. Ripoti ya mwaka 2003 ya kituo cha uhifadhi cha Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ilikadiria kwamba watu milioni 1.5 hadi 2 duniani walikuwa wakifuga viumbe wa maji chumvi, na kwamba kila mwaka viliuzwa vipande milioni 11 hadi 12 vya matumbawe, pamoja na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo milioni 9 hadi 10: kamba, konokono, anemoni, viti vya pweza na wenzao. Ripoti hiyo iliyataja pia matumbawe laini ya Dendronephthya, yenye rangi za waridi na machungwa. Yalikuwa miongoni mwa yanayouzwa sana katika kundi lake, na kwa kawaida hufa ndani ya wiki chache.

Kwa mtu wa Shimoni au Kilifi, ambako wapiga mbizi huvua samaki na kamba wa mapambo wa kusafirishwa ng'ambo, hesabu hizo zinamhusu moja kwa moja. Kiumbe akifa sebuleni kwa mtu Ulaya, mwenye tangi ataagiza mwingine, na huyo mwingine atatolewa baharini tena. Biashara ya kiumbe asiyeweza kuishi ndani ya kioo inaendeshwa na vifo vyenyewe.

Mfano unaoniuma zaidi ni kiti cha pweza wa buluu, Linckia laevigata, anayepatikana kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Huyu hutambaa juu ya mawe akila utando mwembamba wa vijidudu na mabaki unaoota juu yake. Tangi la kawaida halina mawe ya kutosha kumlisha. Kiwango cha chumvi kikibadilika ghafla siku ya kuhamishwa anaweza kufa mapema, lakini akiponea hapo ataishi miezi kadhaa akijila mwenyewe. Hana uso wa kukonda wala sauti ya kulalamika. Rangi inabaki ileile, mwendo uleule, na mwenye tangi anawaambia wenzake kwamba wake anaendelea vizuri. Siku ncha ya mkono mmoja inapoanza kuoza, chanzo kiko nyuma sana hata hakikumbukwi tena, na lawama inaangukia maji ya wiki hiyo.

Hayo yote nayakubali. Tatizo langu ni pale watu wanapotoka hapo moja kwa moja na kusema kwamba kila anayefuga kiumbe mgumu kutunza ni mharibifu, na kwamba orodha nzima ya viumbe “kwa wazoefu tu” ifungwe. Wasemao hivyo hawajatazama vya kutosha ilikuwaje baadhi ya viumbe wakatoka kwenye orodha hiyo.

Chukua Goniopora. Ni matumbawe magumu, yaani ya mfupa wa mawe, yenye vinyama virefu mfano wa maua, kila kimoja kikiwa na minyiri 24, vinavyoyumba na mkondo. Katika miaka ya 1980 na 1990 yaliuzwa kwa wingi mno, na karibu yote yalikufa. Yalifuata mwendo uleule wa kiti cha pweza: miezi ya mwanzo yanachanua vizuri, kisha kila wiki vinyama vinatoka kidogo zaidi, halafu ngozi inaanza kuachia mfupa. Wengi walihitimisha kwamba hayafugiki. Waliotaka yapigwe marufuku wakati huo walikuwa na ushahidi wote mkononi.

Sasa tazama jinsi yalivyokuwa yakifugwa. Mbinu iliyotawala ilikuwa ile ya Berlin: mawe hai (mawe ya mwambani yaliyojaa vijidudu), taa kali, na mtambo wa povu unaonyonya uchafu wote majini kabla haujaoza. Kwa matumbawe ya Acropora, yanayokaa kwenye mawimbi na maji meupe ya ukingo wa mwamba, mbinu hiyo ilileta maajabu. Lakini Goniopora nyingi zilizouzwa enzi hizo zilikuwa za aina ya stokesi, ambazo hukaa wazi juu ya mchanga na tope la sehemu zilizotulia, kwenye maji mazito yaliyojaa chembe za chakula. Zilitolewa humo zikatiwa kwenye maji yaliyosafishwa mpaka yakang'aa.

Ndani ya ngozi ya matumbawe haya huishi mwani mdogo unaotengeneza sukari kwa mwanga. Sukari hiyo inampa mnyama nguvu ya siku hadi siku, lakini haimpi naitrojeni na fosforasi za kutosha kujenga mwili. Hizo hutoka kwa sehemu kubwa kwenye chakula anachokinasa. Mnyama mwenye mwanga asiye na chakula anaweza kuonekana mzima kwa muda mrefu, huku akiba yake ikiisha ndani kwa ndani. Mfugaji akiona vinyama vimesinyaa anaongeza mwanga, anabadilisha maji, anaongeza kasi ya mtambo wa povu. Kila anachofanya kwa upendo kinapunguza chakula. Waliomwita mzembe hawakuona kwamba aliyekuwa makini zaidi na usafi ndiye aliyeua mapema zaidi.

Nani aliligundua hilo? Kwa kiasi kikubwa ni wafugaji wenyewe, wale waliokataa kukubali kwamba haiwezekani. Walianza kulisha vyakula vya chembe ndogo sana, wakapunguza ukali wa usafishaji, wakajaribu kuongeza madini kama chuma na manganizi, wakaangalia ni aina gani inatoka kwenye kina gani. Leo Goniopora zinazotoka kwenye mashamba ya matumbawe hukaa miaka katika matangi ya watu wa kawaida, hukatwa vipande na kugawanywa. Marufuku ya mwaka 1995, kwa mfano, ingezuia vifo vingi. Ingefunga pia mlango ambao maarifa haya yalipitia, kwa sababu hakuna maabara iliyokuwa na matangi mengi kiasi hicho, wala watu wenye subira ya kukaa na matumbawe aina moja usiku baada ya usiku.

Na maarifa hayo hayaishii sebuleni. Mwanamke aliyefungua njia hii, Anna Thynne, alileta matumbawe magumu kutoka Torquay, pwani ya Uingereza, hadi London mwaka 1846 na kuyahifadhi hai kwa kumimina maji huku na huku ili yapate hewa. Mwaka 2017 watafiti wa Horniman Museum, London, walitangaza kwamba wameweza kuyafanya matumbawe yazae kwa wakati uliopangwa ndani ya matangi, kwa kuiga mwezi, jua na joto la bahari. Mwaka 2019 Florida Aquarium, ikishirikiana nao, iliyazalisha matumbawe ya nguzo ya Atlantiki yaliyokuwa yakimalizwa na ugonjwa. Kiangazi cha 2023, bahari ya Florida ilipochemka, matumbawe kutoka vitalu vya baharini yalikimbiziwa kwenye matangi ya nchi kavu. Sisi tulioona miamba yetu ikigeuka myeupe kwa joto la bahari mwaka 1998 hatuna sababu ya kuudharau ujuzi wa kumlisha mnyama huyu nje ya bahari.

Upande wa pili utanijibu kwamba ujuzi huo ulinunuliwa kwa mamilioni ya vifo. Ni kweli, na hakuna mafanikio yanayofuta deni hilo. Hata enzi za Thynne mambo yalikuwa hivyo: wimbi la matangi lililochochewa na mtaalamu wa viumbe Philip Henry Gosse katika miaka ya 1850 liliacha vidimbwi vya pwani ya Devon, Uingereza, vimekombwa, na mwanawe Edmund aliandika kwa uchungu kuhusu hilo mwaka 1907.

Lakini marufuku ya jumla ina kasoro yake pia. Indonesia iliposimamisha usafirishaji wa matumbawe Mei 2018, waliokuwa wakiyalima kwa kupandikiza vipande walisimamishwa pamoja na waliokuwa wakiyang'oa mwambani. Biashara ya yaliyolimwa ilifunguliwa tena mwaka 2020. Kwa karibu miaka miwili aliyefanya jambo sahihi alilipa sawa na aliyekosea.

Ninavyoona, neno “mgumu” linachanganya wanyama wa namna mbili. Tubastraea, matumbawe ya machungwa yasiyo na mwani wa kuyalisha, yanaishi miaka ikiwa mfugaji atakubali kulisha kila mdomo kipande cha kamba. Midomo ni mikubwa, kazi inawezekana, na hata yanazaa tangini. Dendronephthya nayo haina mwani, lakini watafiti walionyesha mwaka 1995, katika Bahari ya Shamu, kwamba hula zaidi mimea midogo sana inayoelea majini (planktoni), tena mfululizo, mkondo ukileta. Chakula chake tunakijua. Lita 300 za maji haziwezi kukibeba kwa wingi huo, mchana na usiku, bila kuoza.

Dendronephthya na Linckia ningeziondoa leo kwenye orodha za wauzaji wa nyumbani, niziache kwa taasisi zenye maji ya bahari yanayopita. Goniopora na Tubastraea ningeziacha, kwa sharti kwamba muuzaji aandike pembeni ya bei: imetoka shambani au mwambani, ina siku ngapi dukani, na imekuwa ikila nini tangu ifike. Asiyeweza kujaza hilo la tatu asiruhusiwe kuuza.