Msiisingizie rangi nyeusi

Jumamosi iliyopita shemeji yangu alinipitia twende kwenye sendofu Sinza. Harrier yake nyeusi ilikuwa imetoka kupigwa polishi asubuhi ileile, na chini ya mawingu ya mchana iling'aa kweli. Usiku tukaingia sheli kujaza mafuta. Taa nyeupe za juu zilipoipiga boneti, nikaona mistari mirefu ya ukungu imepinda kufuata njia ya mashine, toka taa ya kushoto hadi ya kulia. Ukisogeza kichwa, nayo inasogea. Shemeji alitazama kwa muda, kisha akasema kwa unyonge, "Ndiyo maana wanasema nyeusi haifai hapa mjini."

Neno hilo limeniuma wiki nzima. Kalipa hela yake, kaharibiwa kazi, halafu anajilaumu yeye kwa kuchagua rangi!

Nyeusi haina kosa. Ukungu ule ni mikwaruzo midogo, na mikwaruzo kama ile ipo kwenye magari meupe chungu nzima, ila jicho haliioni. Na ile ya sheli si vumbi la Dar wala umri wa gari. Ni kazi iliyoachwa nusu.

Mashine ya kuzunguka, pedi ya manyoya na dawa kali ya kukata huondoa mikwaruzo mikubwa haraka, lakini navyo huacha mikwaruzo yao midogo. Kwa hiyo lazima ifuate hatua ya pili: pedi laini ya sponji, dawa laini, mashine inayozunguka huku ikitikisika, na mkono usio na pupa. Kwenye gari jeupe unaweza kuiruka hatua hiyo na mtu asigundue. Kwenye jeusi, ukiiruka umemwachia mwenye gari ukungu. Na wanaoiruka wanajua. Wanamalizia kwa nta au dawa yenye mafuta mengi, mafuta yanajaa kwenye mikwaruzo, gari linatoka linameremeta. Likioshwa mara mbili tatu, ukungu huo hapo. Mwenye gari anarudi kulipia upya kosa lilelile.

Kinachonitia hofu zaidi ni huko kurudia. Klia ya kiwandani, ule utando angavu unaofunika rangi, mara nyingi ni mikroni 40 hadi 50 tu. Unywele wa kichwa una kama 70. Kila ukikata unapunguza. Mtu anayekatiwa gari kila Idi na kila Krismasi anaimaliza klia, na ikiisha hakuna polishi ya kuirudisha, ni kupiga rangi upya. Wenye Toyota za rangi namba 202, ile nyeusi tupu, wawe waangalifu zaidi: rangi yake ni laini, na nyingi hazina klia juu. Pedi ikitoka nyeusi, hiyo ni rangi yenyewe inaondoka.

Fundi mmoja mtu mzima wa mtaa wa Gerezani, hapa Dar, ndiye aliyenifungua macho. Alikuwa akimaliza kipande cha boneti kisichozidi nusu mita kila upande, anazima mashine, anaweka kiganja juu ya bati kusikiliza joto. Likiwa la moto, anasubiri. Anachukua brashi ndogo anasugua pedi mpaka dawa iliyokauka yote itoke, kwa sababu ile chengachenga ndiyo inayokwaruza upya. Kisha anafuta kwa alkoholi ya isopropili iliyozimuliwa kwa maji, mafuta yote yatoke, na kumulika kwa tochi akiwa amechuchumaa. Siku ile alirudia kipande kimoja mara tatu. Hakuna aliyekuwa akimsimamia.

Nakubali, wateja nasi tuna sehemu yetu. Tunataka gari baada ya saa moja, kwa bei ya kuoshea, na hatua ya pili inakula siku nzima. Sawa. Basi fundi aseme, "Kwa hela hiyo nitakata tu, ukungu utabaki," mtu achague mwenyewe.

Kuhusu kuosha nina neno moja tu: kitambaa kikianguka mchangani, kisirudi kwenye gari.

Na ninyi wenye magari meusi, msilipe kabla ya kufutiwa. Chagueni kipande chochote, fundi akifute kwa ile alkoholi mbele yenu, mmulike kwa tochi ya simu au mlitoe gari juani. Fundi aliyemaliza kazi yake hatakataa.

Jana usiku mimi na shemeji tulianza na boneti, chini ya banda nyumbani kwangu, kwa pedi laini na dawa laini peke yake. Hatukukata tena. Hadi saa nne tulikuwa tumemaliza upande wa dereva. Tulipofuta na kumulika, upande ule mwanga wa tochi ulikaa nukta moja safi, na ule wa abiria bado ulitawanyika kama utando wa buibui. Shemeji alivusha tochi huku na huku mara nyingi bila kusema kitu, kisha akauliza kama Jumamosi nitakuwa na nafasi ya kumalizia milango.