Psyche: Kiini cha Sayari Iliyovunjika, au Mawe Yaliyochanganyika na Chuma?

Mwanaastronomia Annibale de Gasparis aliigundua Psyche akiwa Napoli, Italia, tarehe 17 Machi 1852. Wakati huo ilikuwa nukta tu ya mwanga iliyohamahama kati ya nyota. Ni asteroidi, yaani gimba la angani dogo kuliko sayari linalolizunguka Jua, ya 16 kugunduliwa. Leo tunajua ina upana wa wastani wa kilomita 220 hivi, hujizungusha kwa saa 4 na dakika 12, na hulizunguka Jua kwa takriban miaka 5 katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Ubishi uliobaki ni kuhusu kilichoiunda.

Kwa miaka mingi wengi wameiita kiini cha sayari changa: mwili ulioyeyuka, chuma kikazama katikati, kisha migongano ikabambua mawe ya juu. Hoja yao ina uzito. Mawimbi ya rada yanayotumwa Psyche hurudi kwa nguvu isiyo ya kawaida kwa mwamba mtupu. Tena vimondo vya chuma tunavyo hapa duniani, na vingi hudhaniwa ni vipande vya viini vya namna hiyo. Kile cha Mbozi, mkoani Songwe, chenye takriban tani 16, karibu sehemu 9 kati ya 10 ni chuma, na iliyobaki kwa kiasi kikubwa ni nikeli.

Lakini mzani unakataa. Lita moja ya kimondo cha chuma ina karibu kilo 7.8, Psyche, kwa vipimo vya karibuni, ina kilo 4 hivi kwa lita. Ili iwe chuma kitupu, karibu nusu yake ingebidi iwe mashimo, na ni vigumu mwili mkubwa hivyo kubaki na uwazi wa kiasi hicho. Zaidi ya hapo, mwanga wake una alama za piroksini, madini ya mawe, na darubini zimeona dalili za maji yaliyofungwa kwenye madini. Watetezi wa kiini hujibu kwamba maji hayo yaliletwa na asteroidi zilizoigonga baadaye. Kwa maji nakubali. Kwa uzito sioni jibu linalotosha, na ndiyo maana naegemea upande wa mchanganyiko. Ipo pia dhana inayonivutia zaidi: kwamba chuma kilichoyeyuka kilirushwa juu kwa volkano na kutandaza uso wa chuma juu ya mawe. Hiyo ingeeleza rada na uzito kwa pamoja.

Kinachonikera ni bei ya dola kwintilioni 10 (1 yenye sifuri 19) ya chuma cha Psyche inayosambazwa kila mara. Imejengwa juu ya dhana ileile ya chuma kitupu, na hakuna soko wala chombo cha kukileta.

Chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilichorushwa kutoka Florida tarehe 13 Oktoba 2023 kinatarajiwa kufika Psyche mwaka 2029. Kimebeba kipima sumaku: kiini kilichopoa kikiwa na uga wa sumaku kingeuhifadhi hadi leo. Kikikuta uga wenye nguvu, sisi wa mchanganyiko itabidi tuanze upya.