Serikali Itanipima kwa Mabati

Miaka yote hii serikali imenijua kuliko mama watoto anavyonijua. Mshahara wangu inaujua hadi senti. Kodi inakata, 1.5% ya nyumba za bei nafuu inakata, 2.75% ya SHA, bima ya afya hapa Kenya, inakata, kisha inanirushia kilichobaki nikamalizane nacho. Mama watoto yeye huambiwa tu kwamba mwezi huu mambo si mazuri.

Sasa mwakani natimiza 60, umri wa mtumishi wa umma kupewa mkono wa kwaheri na blanketi. Na hapo ndipo serikali hii hii itanigeukia iniulize: kwani wewe mzee una uwezo gani?

Zamani mambo yalikuwa mepesi. NHIF, bima ya afya iliyotangulia SHA, ambayo ilianza 1966 wakati mimi hata sijatambaa vizuri, ilikuwa na viwango vyake. Wa shilingi 60,000 alikatwa 1,300. Bosi wake, hata alipwe nusu milioni, alikatwa 1,700 na mambo yakaisha. Asiye na ajira alituma 500 kila mwezi kwa simu, akaenda zake. Ikafika Oktoba 1, 2024, tukaamkia SHA: 2.75% ya mshahara wote, bila kikomo. Yule wa 60,000 akaruka hadi 1,650. Tulinung'unika wiki moja hivi, tukazoea. Pesa ambayo hujawahi kuishika haiumi sana.

Inayouma ni ile unayoitoa mwenyewe mfukoni. Ukistaafu, hakuna wa kukukatia. Unaingia kundi moja na mama mboga, fundi wa baiskeli na kijana wa bodaboda, na sheria inasema watu kama nyinyi mfanyiwe tathmini. Unajibu maswali, mashine inakadiria nyumba yako ina kipato gani, halafu 2.75% ya hicho kipato ndiyo mchango wako. Haushuki chini ya 300 kwa mwezi. Na usifikiri utakuwa unatuma 300 zako mwisho wa mwezi kama ada ya chama. Unalipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Huna? Kuna mpango wa mkopo, Lipa SHA Pole Pole. Yaani nizeeke, nistaafu, halafu nikope ili niruhusiwe kuugua.

Hayo maswali nimeyaona kwa macho yangu. Nilimsindikiza kaka yangu, mwalimu mstaafu, hadi saiba moja hapa mtaani. Shemeji naye akaja, amevaa kitenge cha harusi. Hilo peke yake lingetutia wasiwasi.

Kijana wa saiba akaanza kusoma. "Mzee, nyumba imeezekwa na nini?"

Kaka akakohoa kidogo. "Mabati. Ya zamani."

"Ya rangi!" shemeji akadakia kutoka nyuma. "Yale mazito. Tulibadilisha juzi tu."

"Sakafu?"

"Saruji," kaka akasema kwa sauti ya msiba.

"Taili! Baba nanii, usiniaibishe mbele ya watoto wa watu. Sebuleni taili, barazani taili."

Nikamkanyaga shemeji mguu chini ya benchi. Akanitazama, akaendelea. Choo? Cha ndani, cha kuvuta maji. Kupikia? Gesi, "kuni ni za maharagwe tu." Mifugo? Kaka akasema hakuna. Shemeji akauliza kama yule ng'ombe amekufa leo asubuhi na hakuna aliyemwambia. Friji ipo, runinga ipo, na kijana wa watu anabonyeza tu, hainui hata uso. Kaka alikuwa anatoka jasho. Mtu ana pensheni ambayo ikifika tarehe tano imeshakuwa historia, lakini kwa maelezo ya mke wake ungedhani ana hoteli ufuoni Diani.

Mimi shemeji simlaumu. Miaka thelathini mtu anachukua mkopo wa sacco, analipa, anachukua mwingine, mpaka anapata sakafu ya kujivunia, kisha anaambiwa ajibu kama maskini? Kinachoniudhi ni kwamba ile taili ilinunuliwa na mshahara ambao haupo tena. Mshahara umeondoka, taili imebaki kutoa ushahidi. Ukuta wa mawe hauleti hela. Sijawahi kuona mtu akibandua bati moja kila mwisho wa mwezi akalipie dawa ya presha.

Wapo wanaosema niache kulalamika kwa sababu zahanati na vituo vya afya, zile ngazi ya pili na ya tatu, zina hazina yake na hutakiwi kuwa umechanga ndipo utibiwe. Sawa. Mafua yangu nitayapeleka huko. Lakini wazee hatuugui mafua. Sisi tunaugua magoti, sukari, tezi dume, vitu vya kulazwa hospitali kubwa, na huko wataangalia kama umelipa.

Kwa hiyo nimeanza kujipanga mapema. Nimemwambia mama watoto kwamba kuanzia sasa nyumba hii haiongezwi kitu, hata msumari. Yeye ndiyo kwanza amechagua mwaka huu kudai dari ya jipsam, ile yenye vitaa vya kuzunguka. Nikamweleza kwa utulivu kuhusu tathmini, kipato cha kukadiriwa, malipo ya mkupuo. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida.

"Basi ukistaafu," akasema, "hamia banda la kuku. Wakija kupima, wakupime ukiwa huko. Mimi nitabaki ndani nikiwa tajiri."

Nikatoka nje kulitazama hilo banda. Mwezi wa pili nililiezeka mabati mapya.