Wa Tatu Bandani

Nilimnunua kuchi mnadani kwa tamaa ya mbegu. Vifaranga wangu wa kienyeji wana mapaja kama vijiti vya kiberiti, na kuchi, kila mfugaji anajua, ni kuku wa miraba minne. Muuzaji akaniuliza, "Bosi, nyumbani una jogoo mwingine?" Nikamjibu ninaye, mzee mmoja, mpole tu. Akacheka kidogo, akaendelea kuhesabu hela. Kile kicheko ningekihoji.

Mama Zuhura alimtazama yule kiumbe: miguu mirefu kama kavaa mchuchumio, shingo nusu uchi, jicho la mdai kodi. "Baba Zuhura, jogoo la shamba haliwiki mjini."

"Atawika."

Jogoo mgeni haingizwi mchana kweupe kwenye himaya ya mwenzake. Hilo nililisikia baadaye, nikiwa na bendeji. Mimi nilimwachia saa saba mchana, mlangoni mwa banda, mitetea kumi na moja wakiwa uwanjani.

Hawakurukiana hapo hapo. Wakatazamana vichwa chini, manyoya ya shingo yamefunguka kama miavuli. Mmoja akajifanya anadonoa kitu. Hakukuwa na kitu. Mwenzake naye akadonoa. Mzee wangu akashusha bawa moja, akazunguka kiubavu. Nikajua wanasalimiana. Kumbe! Wakapaa wote wawili. Jogoo mdomo anautumia kudonoa na kushikia, ila kazi kubwa hufanywa na vipi, ile miiba ya nyuma ya mguu, na vya kuchi vilikuwa virefu kuliko nilivyoviona mnadani. Manyoya yakajaa hewani. Mitetea, ambao ndio chanzo cha yote, waliendelea kula pumba.

Nikaingilia kati na beseni.

Sasa, ugomvi wa majogoo kwa kawaida ni wa kugombea cheo. Mmoja akiinamisha kichwa na kukimbia, mara nyingi yamekwisha. Na mzee wangu alikuwa ameshainamisha kichwa, ameshakimbia, yuko chini ya mkokoteni. Aliyebaki mbele ya kuchi, kasimama wima, kifua mbele, ni mimi. Mwenye akili angeondoka polepole. Mimi nilipiga mguu chini, nikapunga beseni huku na huku, yaani kwa lugha ya kuku nimeshusha bawa: twende.

Twende kweli. Kipi cha kwanza kilinipata kwenye muundi, na kaptura haisaidii kitu. Nikarudi kinyumenyume, kamba ya nguo ikanipata shingoni, nikakaa ndani ya karai la sare za shule.

Jirani akachungulia juu ya ua. "Pole, jirani. Ni kuku huyo?"

"Ni kuchi," nikasema, nikilinda heshima.

Tangu siku hiyo hunivizia njia ya chooni. Mama Zuhura hupita na ndoo zake, hata hamtazami.

Kuna watafiti wa Japani waliochapisha mwaka 2015 kwamba majogoo wanaoishi pamoja hawawiki ovyo: mkubwa huanza, wengine hufuata kwa vyeo. Nikaamua kusikiliza. Saa kumi na nusu alfajiri kuchi akawika, la shamba, mjini hapa hapa. Mzee wangu akafuata, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa. Kikapita kimya.

Kisha kikohozi kikanishika. Mama Zuhura akajifunika shuka, kitanda kizima kikaanza kutikisika kwa kicheko.