Tanzanite si almasi ya buluu, iacheni IOR

Picha nyingi za kompyuta za tanzanite zinazosambazwa na wauza vito wa Arusha zina ugonjwa mmoja: jiwe linameta kupita kiasi, kama almasi iliyochovywa kwenye wino. Fundi wa picha ameona jiwe limepooza, akapandisha IOR, yaani ile namba inayoiambia programu mwanga upinde kiasi gani ukiingia kwenye kitu. Kutoka 1.7 akaenda 2, kisha 2.42, ambayo ni ya almasi. Msimamo wangu ni kwamba namba hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kuongeza mng'ao. Iandike ilivyo kwenye maumbile, kisha usiiguse tena. Picha ikikataa, kosa liko kwingine.

Tanzanite iko kati ya 1.69 na 1.70, weka 1.695. Tsavorite, kito cha kijani, ni 1.74, rubi na yakuti ni karibu 1.77, kioo cha dirisha 1.52, maji 1.33. Tofauti hizi zinaonekana ndogo, lakini matokeo yake si madogo. Kwa 1.695, uso wa jiwe unaotazamwa wima unarudisha takriban asilimia 6.7 ya mwanga. Kwa 2.42 unarudisha asilimia 17. Uso wa juu unageuka kioo cha kujitazamia na kuifunika rangi ya ndani, ambayo ndiyo mteja anainunua.

Sasa weusi. Kwenye Blender, programu ya kuchora picha za 3D, ukitumia Cycles, injini yake ya kukokotoa mwanga, jiwe likiwa na pande nyeusi tii, wengi hupandisha midundo ya mwanga unaopenya, yaani mara ambazo programu inaufuata mwanga ukipenya nyuso, wakashangaa hakuna kilichobadilika. Sababu ni kwamba mwanga ukishaingia ndani ya jiwe na kugonga ukuta kwa mshazari, haupenyi, unarudi ndani. Cycles inauhesabu mrudio huo kama mdundo wa mng'ao, na kikomo cha mng'ao kwa kawaida ni 4 tu. Kwa kito chenye pande nyingi, midundo 4 inaisha upesi mno. Weka mng'ao 24, upenyaji 24, na jumla nayo 24 au zaidi, kwa kuwa jumla ndiyo inayozibana zote. Renda, yaani kukokotoa picha ya mwisho, itachelewa. Vumilia, au punguza ukubwa wa picha wakati wa majaribio.

Kabla ya hapo kagua modeli yenyewe. Washa onyesho la mwelekeo wa nyuso: penye wekundu, uso umegeuka ndani nje, na programu inadhani mwanga unatoka kwenye jiwe wakati ndio kwanza unaingia. Chagua nyuso zote, bonyeza Shift+N. Pia pande za kito zibaki bapa. Ukizilainisha, mwanga unapinda kana kwamba jiwe limeyeyuka.

Rangi isipakwe usoni. Rangi ya usoni haijali unene, wakati tanzanite kubwa huwa nzito kwa rangi na ndogo hupauka. Acha uso uwe mweupe kabisa, kisha unganisha nodi (kisanduku cha mipangilio) ya kufyonza mwanga kwenye ujazo wa jiwe. Hapa ndipo vipimo vinapowaumbua watu: jiwe la milimita 8 lililochorwa kwa ukubwa wake halisi linahitaji msongamano wa nodi hiyo wa kuanzia 100 hivi, kwa sababu Blender inahesabu kwa mita. Ukilichora kwa uniti 8, 0.1 inatosha. Na ukishabadilisha ukubwa, thibitisha vipimo kwa Ctrl+A.

Jiwe likiwa bado limepooza baada ya hayo yote, angalia jiwe lenyewe linatazamana na nini. Kito kwenye mazingira ya kijivu kitupu hakina cha kuakisi. Weka taa pana mbili tatu, na katikati yake kadi nyeusi. Hizo nyeusi ndizo zinazokata mistari na kuleta uhai.

Wachoraji wa picha za kompyuta za hoteli za kitalii nao wana lao: dirisha la uso mmoja, lisilo na unene, lenye IOR ya 1.52 linaifanya programu iamini kwamba chumba kizima ni kioo, na Kilimanjaro inahama mahali pake. Lipe dirisha unene wa milimita 6, pande zote mbili.

Kuna jambo moja ambalo mipangilio hii hailiwezi. Tanzanite halisi hubadili rangi kati ya buluu na zambarau kadiri unavyoigeuza, na nodi ya kawaida ya kioo haijui hilo. Kuchanganya rangi mbili kwa pembe ya kutazama ni kuigiza tu. Kwa tangazo inatosha. Kwa mteja aliye mbali anayelipia jiwe fulani, mpigie picha jiwe hilo hilo kwa kamera.