Masaa 72 ya PEP na ukimya wa wazazi

Wazazi na viongozi wa dini wanaopinga vijana kufundishwa afya ya uzazi mtandaoni nawaelewa, hoja yao sio ya kubeza. Mtoto wa miaka 14 akiangalia video ya kondomu, inayofuata hujui itakuwa nini, mtandao haumuulizi mtu umri, na humo humo wamejaa wauza dawa za gono na watu wazima wanaowinda watoto inbox. Kweli kabisa.

Ila tuangalie PEP, hapa ndio roho inaniuma. Hizi ni dawa za kuzuia VVU baada ya kubakwa au ngono bila kinga na mtu usiyejua hali yake, lazima uanze ndani ya masaa 72, ukiwahi zaidi ndio bora, halafu unameza siku 28. Sasa binti yamemkuta Ijumaa usiku, Jumamosi analia, Jumapili yupo kanisani na familia kimya, Jumatatu shule, jioni ikiingia muda ndio unaisha. Hakuna kipindi cha baiolojia kitakachomwahi, na mama yake atamwambia saa ngapi wakati anaogopa kipigo? P2 anaijua, mwenzake kamtajia, ananunua duka la dawa anaona kamaliza, kumbe P2 ni ya kuzuia mimba tu, virusi haivigusi. Saa nane usiku kitu pekee anachoweza kukiuliza bila kuulizwa "ulikuwa na nani" ni simu, na simu ikimdanganya ndio basi tena.

Na tusidanganyane kuhusu ukimya, utafiti wa kitaifa wa 2022 Tanzania ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba. Hao hawakufundishwa ngono na somo la afya.

Kinachonisumbua mimi ni kingine, vijijini simu ni ya baba, tena kitochi, bando hakuna. Lakini m4RH, huduma ya simu ya afya ya uzazi, ilishatuma majibu ya uzazi wa mpango kwa SMS tupu Kenya na Tanzania, kwahiyo inawezekana. Wizara itoe majibu mafupi ya Kiswahili yaliyopitiwa na madaktari, yataje PEP kwa jina na wapi inapatikana, na masheikh, wachungaji na wazazi wakae meza hiyo hiyo kuamua wa umri gani aone nini.