Kompresa Iliyofanya Kazi Jumapili

Jumapili moja nilipitia kiwandani kwetu, kule Lunga Lunga, eneo la viwanda la Nairobi, kuchukua chaja niliyoisahau. Mashine zote zimezimwa, hakuna mtu ila mlinzi na redio yake. Lakini kompresa, ile mashine ya kubana hewa, inanguruma. Inajaza upepo, inanyamaza kidogo, inajaza tena. Inamjazia nani?

Wiki hiyo tulikuwa tumefunga vihisi vya kubana kwenye kebo, kimoja kwa kila mtambo mkubwa, vya kupima umeme unaotumika na kutuma usomaji kwenye simu. Jumatatu nikafungua grafu: Jumapili nzima mstari wa kompresa ulikuwa kama meno ya msumeno. Tukatia maji ya sabuni kwenye chupa ya sosi, tukaanza kupaka maungio ya mabomba moja moja. Tisa yakatoa povu: yanavuja. Moja lilikuwa limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Dada anayesimamia mashine ya vifuniko alitutazama tukihangaika, akacheka. "Huo mluzi niliuandika kwenye kitabu cha matengenezo. Tafuta Machi, mwaka juzi." Nikatafuta. Upo, kwa mwandiko wake, na pembeni mtu ameandika: vipuri hakuna.

Kwa hiyo wauzaji wa mifumo ya kupima umeme wanapokuja na skrini pana na maneno matamu kuhusu akili mnemba, mimi huuliza swali moja tu: king'ora kikilia, nani ana ruhusa ya kununua kiungio cha bomba bila kusubiri sahihi tatu? Hapo huwa wanarudi kwenye slaidi iliyotangulia.

Sisemi teknolojia hii ni bure. Kuna mambo ambayo macho hayawezi kuona. Wengi hudhani stima ya kiwanda ni kama tokeni za nyumbani, unalipia yuniti ulizotumia basi. Sisi hulipia pia KVA, yaani kilele cha mzigo wa mwezi. Ukikipandisha Jumatatu moja, umekilipia mwezi mzima, hata kama siku zilizobaki utafanya kazi kwa mshumaa. Kwa miaka tulimlaumu mashine mmoja mzee wa kutengeneza ndoo. Grafu ikamtakasa. Kosa lilikuwa saa moja kasorobo asubuhi: msimamizi wa shifti, kwa bidii yake njema, alikuwa akiwasha hita za mashine zote kwa mpigo ili bosi akifika akute kila kitu ni moto. Dawa yake ilikuwa karatasi iliyobandikwa ukutani: mashine ya kwanza saa kumi na mbili, ya pili robo saa baadaye, na kuendelea hivyo. Karatasi na selotepu.

Programu inayosoma vihisi hupenda kutushauri tuhamishie kazi usiku. Ina sababu. Tangu Desemba 2017 kuna bei nafuu ya usiku kwa viwanda, na mvuke wa ardhini wa Olkaria unaozalisha umeme haulali jua likizama. Lakini programu haijui dada wa shifti atafikaje nyumbani mtaani Mukuru saa sita usiku, wala nauli ya boda saa hizo. Tulichofanya ni kuhamisha kazi isiyohitaji watu wengi: kusaga mabaki ya plastiki. Mafundi wawili, na gari la kampuni likawarudisha. Kuhamishia sehemu yote ya pakiti usiku nilikataa, na bado nakataa.

Sheria nayo ipo. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 zilitaka kiwanda kinachotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka kifanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu. Nimeona ripoti za ukaguzi zilizofungwa vizuri zikiegemeza mlango wa ofisi usigongwe na upepo.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Vihisi vile vile vinaonyesha pia mashine ikikaa bila kazi. Mwezi wa tatu meneja mmoja akachapisha grafu, akamwandikia kijana barua ya onyo kwa dakika arobaini za mashine kuzunguka tupu. Kijana alikuwa akisubiri malighafi kutoka stoo. Grafu haikusema hivyo, naye meneja hakumuuliza. Kuanzia siku hiyo shifti nzima ikaziita mita zile "polisi", na ghafla hakuna mtu aliyesikia mluzi wa upepo popote. Kebo mbili za vihisi zilikutwa zimechomoka. Panya, tukaambiwa.

Ilibidi tukae chini upya. Barua ikaondolewa kwenye faili. Skrini ikaondolewa ofisini kwa mhasibu ikawekwa karibu na birika la chai, na sehemu ya kilichookolewa ikaingia kwenye chakula cha mchana cha Ijumaa. Kitabu cha matengenezo kina kurasa mpya sasa, na vipuri vidogo vina sanduku lisilo na kufuli. Mhasibu halipendi sanduku hilo hata kidogo.

Na mlinzi wa Jumapili ana malalamiko yake. Anasema zamani kompresa ilimsaidia kukesha, siku hizi kimya kinamletea usingizi, na redio imeisha betri.